Mikono Themanini, Yote ya Kushoto

Mlioniacha katika sehemu ya Alhamisi iliyopita nimeshika mkasi wa Mama, mtanikuta bado nimeushika. Tofauti ni kwamba sasa kitambaa kimekwisha kukatwa, na kitambaa kilichokatwa hakisikii samahani.

Unayeingia leo, vuta kiti, nitakusimulia upesi.

Mama yangu ni fundi cherehani. Akiwa mzima hakuna fundi mfano wake. Tatizo ni kwamba kwa miaka sita sasa uzima wake unakuja na kuondoka. Kuna wiki anashona bila kulala, anaimba, anapokea kazi za watu arobaini kwa mpigo na kuahidi zote kesho. Mimi na mdogo wangu tunaziita wiki za kasi. Halafu kuna wiki anaanguka kitandani, anageukia ukutani, hali, haogi, hajibu. Hapo tunasema uzi umekatika. Ugonjwa huo una jina lake. Niliwahi kusikia likitajwa redioni, nikazima redio.

Baba alituacha katika sehemu ya pili na hana mpango wa kurudi katika hadithi hii.

Mimi nina miaka kumi na sita. Mdogo wangu ana tisa, anaitwa Kifungo kwa sababu ni mfupi, ni mviringo, na akipotea nyumba nzima inainama chini kumtafuta.

Katika wiki ya kasi iliyopita, Mama alichukua kazi ya makoti arobaini ya kwaya ya shule yangu. Mashindano ni Jumamosi. Alishona viwiliwili vyote arobaini kwa siku nne, pamoja na kola, mabega na mifuko ambayo hakuna aliyeiomba. Siku ya tano, kabla hajakata hata mkono mmoja, uzi ukakatika.

Na Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ametoa onyo: anakuja Alhamisi saa tisa. Akimkuta Mama amelala mchana tena, anamchukua Kifungo akakae kwake. Mimi hapana, Kifungo tu. Kwake kuna kitanda kimoja cha ziada.

Sasa mnajua kwa nini nilishika mkasi.

Msomaji mmoja ameandika barua kuuliza kama mambo haya ni ya kweli. Ndugu yangu, ningekuwa na kipaji cha kutunga, ningejitungia mama anayelala saa nne na kuamka saa kumi na mbili.

Tuendelee.

Mama alinifundisha kushona nikiwa na miaka minane. Kukata hakunifundisha. "Kushona ni mkono," alikuwa akisema, "kukata ni kichwa. Kichwa chako bado ninakisubiri." Mkasi wake ulikaa juu ya kabati, na mimi niliuogopa kama watu wengine wanavyoogopa bunduki.

Jumatatu baada ya masomo niliushusha.

Kitambaa kilikuwa rangi ya zambarau, uso mmoja unang'aa, mgongo wake umefifia. Nilichukua karatasi ya Mama iliyochorwa umbo la mkono, nikaona ni moja tu. Nikafurahi. Nikatandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, nyuso zote zikiangalia juu kama wanafunzi kwenye mstari, nikaweka karatasi, nikachora kwa chaki, nikakata. Tabaka kumi kwa mara moja! Nilijiona nina akili kuliko mafundi wote wa dunia. Nikajiuliza kwa nini Mama hujisumbua kukikunja kitambaa mara mbili kabla ya kukata, kitendo kinachochukua muda na kuumiza mgongo.

Jumanne jioni nilikuwa na mikono themanini. Jumatano nikaunga miwili ya kwanza kwenye koti la kwanza, nikamwita Kifungo.

"Vaa."

Kifungo akavaa. Koti lilimfika magotini, lakini hilo si kosa, yeye si mwanakwaya. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri kabisa. Mkono wa kulia ulikwenda nyuma.

"Shusha mkono," nikamwambia.

"Umeshuka."

"Haujashuka. Mbona kama unataka kujikuna mgongoni?"

"Sitaki kujikuna. Ni koti ndilo linalotaka."

Nikamgeuza. Nikaugeuza mkono wa koti. Nikalala chini nikauangalia kutoka chini. Kisha nikachukua mkono mwingine kutoka kwenye rundo, na mwingine, na mwingine, nikiipindua kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka.

Ndipo nikaelewa kwa nini Mama hukunja. Kitambaa kikikunjwa, uso unaangalia uso, na kila unapokata unapata pacha wawili: wa kulia na wa kushoto. Mimi sikukunja. Mimi nilikuwa na mikono themanini, yote ya kushoto.

"Dada," Kifungo akasema, bado mkono uko nyuma, "kwaya ikivaa hivi, itabidi waimbe wakiwapa watu mgongo."

Nikacheka. Nikacheka sana. Kifungo akaacha kucheka, mimi nikaendelea. Hilo limekuwa likinitokea siku hizi: darasani, msibani, popote. Kicheko kinakuja bila kualikwa na hakijui njia ya kutokea.

Alhamisi sikwenda shule. Niliandika barua kwa mwandiko wa Mama, ambao naujua kuliko wangu: "Binti yangu anaharisha." Ilikuwa mara ya nne muhula huu. Kifungo, ambaye shule yetu ni moja, akaipeleka, akarudi mapema kwa sababu darasa lao hufunga saa sita.

Saa saba na nusu mlango ukagongwa.

Nilidhani ni Shangazi. Alikuwa Mwalimu wa Kwaya, ambaye wanafunzi tunamwita Besi kwa sababu hata akipiga chafya madirisha yanatikisika.

"Hodi! Pole na tumbo," akasema.

"Tumbo gani?"

Akaniangalia. Nikalishika tumbo. "Aa, hili. Asante Mwalimu. Linapungua."

"Hilo tumbo lako lina ratiba kuliko shule. Mama yupo? Nimekuja kuona makoti."

"Ametoka. Amekwenda kununua vifungo."

Kifungo, aliyekuwa akila chini ya meza ya kukatia, akatokeza kichwa. "Nani amekwenda kuninunua?"

"Vifungo vya koti," nikasema nimeuma meno. "Rudi chini."

Nyumba yetu ni chumba cha kazi mbele, na nyuma ya chumba cha kazi kuna pazia ambalo wateja hujaribia nguo nyuma yake. Nyuma ya pazia kuna nafasi ya mtu mmoja na nusu, halafu mlango wa chumba cha Mama. Kutoka huko nyuma kikaja kikohozi.

"Nani huyo?" Besi akauliza.

"Paka."

"Paka anakohoa?"

"Ana pumu."

Besi alikuwa bado anamfikiria paka huyo aliposukuma mlango mtu ambaye huwa hagongi. Shangazi. Saa moja na nusu kabla ya wakati.

Shangazi ni mkaguzi wa mizani sokoni. Kazi yake ni kupita kwa wauzaji na mawe yake ya kupimia, na kuwanyang'anya mizani wanaopunja. Macho ya kazi hiyo hayavui hata akiwa mgeni. Aliingia, akasimama katikati ya chumba, akapima kila kitu: meza, rundo la mikono lililofunikwa shuka, mwalimu, mimi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipofanya nililokuja kuungama leo. Nilikuwa nimekwisha kumwambia Besi kwamba Mama ametoka. Lakini Shangazi amesikia "ametoka" mara nyingi mno mwaka huu, na kila mara alisubiri hadi "ametoka" akatoka chumbani na nywele zimesimama.

"Yupo," nikasema.

"Si umesema ametoka?" Besi akanguruma.

"Amerudi. Kwa mlango wa nyuma. Yuko nyuma ya pazia anapima koti. Ngoja nimwite."

Nikaingia nyuma ya pazia.

Lazima mjue kwamba kwa miaka mitatu nimekuwa nikipokea simu za wateja kwa sauti ya Mama. Nilianza na "haloo" moja. Baadaye nikawa napatana nao siku ya kuchukua nguo, nagombana nao, nawapa pole za misiba. Kuna mama mmoja huniita "shoga" na amenieleza siri za ndoa yake ambazo mtu wa miaka yangu hapaswi kuzijua.

Nikajifunga kilemba cha Mama kilichoning'inia kwenye msumari, nikavuta pumzi.

"Wewe mtoto!" nikasema kwa sauti yake. "Mbona hukuniambia kuna wageni?"

"Samahani, Mama," nikajijibu kwa yangu.

"Samahani haichemshi chai. Karibuni jamani! Wifi, hujambo? Nisamehe, nimejaa pini mdomoni, siwezi kutoka."

Sauti ya Shangazi ikaja: "Sijambo, wifi. Unaendeleaje?"

"Salama kabisa! Kazi tu!"

"Fundi," Besi akaingilia, "makoti yangu yamefikia wapi?"

"Yako tayari, Mwalimu. Kasoro mikono."

"Kasoro mikono?"

"Mikono ni jambo dogo."

"Koti lisilo na mikono ni kizibao, Fundi."

"Basi na vizibao nitakupa!" nikasema, na hapo kitu kikateleza. "Nitakupa makoti na vizibao, Mwalimu, na kofia za rangi hiyohiyo, arobaini, zenye ukingo wa dhahabu. Nani kasema kwaya iimbe kichwa wazi? Na wewe mwenyewe utasimama mbele na nini, hilo shati? Nakushonea joho! Joho la mwongozaji, bitana nyekundu, ukinyoosha mikono watu waone moto!"

"Joho?" Besi akasema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto aliyeonyeshwa zawadi.

"Mpaka miguuni! Na tusiishie hapo, nitawashonea wazazi, nitamshonea Mwalimu Mkuu, shule nzima, kesho kutwa asubuhi mje mchukue, nina nguvu, jamani, hamjui nina nguvu kiasi gani..."

Maneno yalikuwa yanakimbia na mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika pindo. Mikono yangu ilikuwa ikichora joho hewani. Na ilikuwa tamu. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Kwa dakika moja nilikuwa mtu asiye na mdogo wa kulinda, asiye na barua ya kughushi, asiyeogopa chochote. Nikaelewa kwa nini Mama hataki wiki za kasi ziishe.

Halafu nikaogopa. Nilikuwa nimeanza kwa kuigiza, na sasa sikujua kuigiza kumeishia wapi. Nikajiuliza kama uzi wangu mimi umetoka kwenye kibunda kilekile.

Nikanyamaza. Katika ule ukimya nikahisi mtu anapumua shingoni mwangu.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, amejifunika blanketi, nywele zimesimama. Siku ya saba bila kusimama. Alikuwa akinisikiliza. Sijui alianza kusikiliza wapi, lakini midomo yake ilikuwa ikinifuata.

Tukatazamana. Mimi na kilemba chake, yeye na blanketi langu.

Halafu macho yake yakashuka. Chini, karibu na mguu wangu, ulikuwa umeanguka mkono mmoja wa koti. Akainama, akauokota, akaupindua. Akautandaza ukutani kwa kiganja. Akapenyeza kichwa pembeni mwa pazia, akaona rundo mezani, ambalo Kifungo, Mungu ampe maarifa, alikuwa amelifunua ili afute vidole vyake vyenye chakula kwenye shuka.

"Nani," Mama akasema, neno lake la kwanza tangu Ijumaa, "nani amekata hii bila kukunja kitambaa?"

"Wifi," Shangazi akaita taratibu, "huko nyuma mko wangapi?"

"Mmoja," nikajibu kwa sauti ya Mama.

"Wawili," akajibu Mama.

Shangazi akavuta pazia. Fimbo ya pazia, ambayo tangu Baba aondoke imeshikiliwa na msumari mmoja, ikaanguka, na pazia likatufunika sote wawili. Tukatokeza vichwa. Besi alisimama, akavua kofia, akatuamkia kwa heshima, mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiyejua amsalimie nani kwanza.

"Mikono themanini!" Mama alikuwa amekwisha kufika mezani, blanketi linaburuzika. Alichukua mkono, akautupa, akachukua mwingine. "Kushoto. Kushoto. Huu nao kushoto! Wewe mtoto, umeona wapi kwaya ya watu wenye mikono miwili ya kushoto?"

"Nilikuwa na haraka, Mama."

"Haraka ya nini?"

Besi ndiye aliyejibu, kwa upole wote ambao besi inaweza kubeba: "Mashindano ni Jumamosi, Fundi."

Mama akaketi kwenye kiti cha cherehani. Hasira ilimtoka yote mara moja, kama hewa. Akabaki na mkono mmoja wa koti mapajani, akiupapasa.

"Sikujua ni Alhamisi," akasema.

Nilikuwa nikimtazama Shangazi. Sasa amekwisha kuona yote. Nikamvuta Kifungo, nikamweka nyuma yangu, nikamshika kwa mikono miwili.

"Shangazi, Kifungo haendi," nikasema. "Anakula vizuri. Analala vizuri. Namchana nywele kila siku. Hajakosa shule hata mara moja, muulize Mwalimu. Mimi namtunza."

"Naona," Shangazi akasema.

Akaja karibu. Hakumgusa Kifungo. Alinishika mimi kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake, vidole vikakutana na nafasi ikabaki. Akanitazama kucha, ambazo zimeliwa. Akanifunua kope kwa kidole gumba, vile anavyotazama chini ya sahani ya mizani kuona kama kuna kitu kimegandishwa.

"Kifungo," akasema bila kuniachia, "dada yako analala saa ngapi?"

"Halali," akasema Kifungo kutoka nyuma yangu. "Anakaa mlangoni kwa Mama. Anasikiliza kama Mama anapumua."

"Kifungo, nyamaza."

"Na anaongea kwa sauti ya Mama hata simu isipolia."

"Kifungo!"

"Anasema, 'Lala mwanangu, umefanya vizuri leo.' Halafu anajijibu asante."

Kuna aibu za aina nyingi, nimezipitia nyingi katika ukurasa huu. Ile haina mfano. Besi aligeuka akaanza kusoma kalenda ukutani, ya mwaka juzi.

"Nilikuja kumchukua mdogo," Shangazi akasema. "Kumbe nilipeleka mawe upande usio wenyewe." Akamgeukia Mama. "Wifi, gari liko nje. Kliniki inafunga saa kumi. Wewe nimekubembeleza miaka sita, umekataa miaka sita. Leo sibembelezi, nauliza tu: katika nyumba hii, mgonjwa ni nani?"

Mimi nikamnyooshea kidole Mama.

Mama akaninyooshea mimi.

Kifungo akatafakari, akatoa mikono yote miwili, akatunyooshea wote.

"Nami nilitaka kuchangia," Besi akaiambia kalenda, "lakini si ndugu."

Shangazi akanishika mabega. "Nataka uniambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Unaumwa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tayari tangu zamani, limekunjwa vizuri. Nikafungua mdomo nilitoe.

"Siumwi, wifi. Nimechoka tu."

Nikasikia nilichosema. Wote tukasikia. Halikuwa jibu langu wala sauti yangu haikuwemo. Ni Mama anayesema hivyo, kwa Shangazi, kwa Baba, kwa majirani, kwa kila aliyewahi kusimama kwenye mlango ule. Nikajaribu tena, nikakohoa, nikatafuta sauti yangu pale ninapoiweka, sikuiona. Ikatoka ileile: "Nimechoka tu, jamani, kesho nitaamka."

Safari hii sikuwa naigiza.

Mama aliinuka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye nyumba ya watu wengine.

"Washa gari, wifi," akasema. "Navaa viatu."

Sikuamini. Miaka sita! Nimebembeleza, nimelia, nimeficha vidonge vya kienyeji vya jirani, nimeweka karatasi ya kliniki chini ya mto wake mara tisa. Na leo amesema mwenyewe. Shangazi hakusubiri abadili mawazo, akatoka mbio na ufunguo mkononi. Kifungo akamfuata ili awahi kiti cha mbele. Besi akabeba mfuko wa Shangazi, akarudi, akachukua mkono mmoja wa koti, akauangalia, akaurudisha mahali pake kwa huzuni, akatoka.

Gari likawaka nje.

Mama aliingia chumbani. Nikaketi chini kufunga kamba za viatu vyangu. Nilikuwa nimevaa cha kwanza niliposikia komeo la mlango wake.

Lilifungwa kwa ndani.

"Mama?"

"Nendeni," akasema nyuma ya mlango. "Wakupeleke wewe kwanza. Mimi zamu yangu siku nyingine."

"Mama, umeahidi sasa hivi!"

"Niliahidi gari liwashwe. Limewaka."

Nikasimama mbele ya ule mlango na kiatu kimoja. Hakuna anayeujua mlango ule kuliko mimi. Najua namna zote za kuufungua: kuna namna ya chai, namna ya kusema mteja amekuja, namna ya kusema Kifungo ameanguka. Zote hufanya kazi, na kwa kila moja mimi huwa mtu mwingine. Mhudumu, mteja, mama.

Honi ikalia. Kifungo ndiye aliyeibonyeza, naijua mibonyezo yake, haina subira.

Nikiondoka, namwacha nyuma ya komeo na mkasi uko nje mezani, na nani atakaa mlangoni kusikiliza? Nikibaki, Shangazi ataondoka na Kifungo, na mimi nitalala hapa tena nimekaa.

Nikaegemeza paji la uso kwenye mbao. Nikafungua mdomo, bila kujua ni sauti ya nani itatoka.

"Mama," nikasema. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza, kama ya mtu aliyekuwa mgonjwa wa koo. Lakini niliitambua. Ilikuwa yangu. "Mama, mimi siwezi tena."

Nikaugonga mlango kwa kiganja.

"Sitoki hapa bila wewe, na siwezi kukaa hapa na wewe. Sijui cha kufanya. Nina miaka kumi na sita."

Honi ikalia mara ya pili, ndefu.

Ndani, kitanda kikalia. Nyayo zikaja, zikasimama upande wa pili wa mlango, karibu kabisa, kiasi kwamba nilimsikia akipumua bila hata kutega sikio.

Komeo likasogea.

Likafika nusu, likasimama.